Jicho la Kufumba na Jicho la Kuvunja

Ndugu zangu mliofika jioni hii, naomba tuanze na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfanyabiashara wa Kenya aliyetaka kuuza bidhaa nje ya nchi alijaza fomu iliyojulikana kama CD3. Humo alitaja anachouza na thamani yake, akaahidi kwamba fedha za kigeni atakazolipwa zitarudi nyumbani. Forodha wakagonga muhuri wao, benki ya biashara ikagonga wake, na karatasi ikafika Benki Kuu jijini Nairobi. Serikali ilikuwa na kiu kubwa ya fedha za kigeni, hasa baada ya wafadhili kusimamisha misaada mwishoni mwa mwaka 1991, na sheria ilimruhusu muuzaji kudai fidia ya asilimia 20 ya thamani ya alichopeleka nje. Kampuni moja, Goldenberg International, ilikubaliwa kulipwa asilimia 35, tena ikapewa peke yake haki ya kuuza nje dhahabu na almasi za Kenya. Sasa, dhahabu ya Kenya ni ya kuchekecha kule Migori na Kakamega, haijai meli. Almasi haichimbwi Kenya kabisa. Lakini fomu zilijazwa, mihuri ikagongwa, na fidia ikalipwa kwa mali ambayo haikuwahi kutoka ardhini.

Katika meza mojawapo pale Benki Kuu alikaa karani kijana, David Munyakei, ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafika. Hakuwa mkurugenzi wala mpelelezi. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za aina hiyo, na mtu anayeshika karatasi kila siku huzifahamu kama mkulima anavyolifahamu shamba lake. Aliona madai ya kiasi kisicho cha kawaida, yakirudi na kurudi kwa jina lilelile. Mwaka 1993 nakala za karatasi hizo zilitoka mikononi mwake zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na maswali yakaanza kuulizwa hadharani. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, akakaa rumande. Kesi haikusimama. Kazi, hata hivyo, alikuwa ameshaipoteza, na alihama Nairobi kwa kuhofia maisha yake, akaenda kuishi Mombasa. Miaka 10 baadaye, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilipoketi kusikiliza habari za Goldenberg, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Alifariki mwaka 2006, hali akiwa maskini.

Nimemchagua yeye kwa sababu kisa chake kinagongana uso kwa uso na methali ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hii hutajwa kila mahali ambapo mtu mmoja anasita huku wenzake wakiendelea. Hutajwa kwenye ofisi ya ardhi faili linapohitaji chai ili lisogee. Hutajwa kwenye kituo cha kupigia kura na kwenye mzani wa barabarani. Huhitaji hata kuitamka yote. Ukisema tu "kwa wenye chongo" msikilizaji anamaliza mwenyewe. Ina nguvu kwa sababu inasikika kama hekima ya kuishi na watu, na kuishi na watu kwetu ni jambo la heshima. Anayeikataa huonekana mkaidi, mtu asiyejua dunia.

Naomba tuisikilize upya methali yenyewe, neno kwa neno. Inasema "ukienda". Anayesemeshwa ni mgeni. Ameingia mji usio wake, hajui sababu za mambo yake, na kesho au keshokutwa ataondoka. Kwake ni ushauri mzuri: asicheke chakula cha watu, asiulize kwa nini wanazika vile wanavyozika, asijione ana macho mengi kuliko wenyeji. Lakini karani wa Benki Kuu ya Kenya hakuwa mgeni Kenya. Fedha zile zilikuwa zake na za mama yake na za jirani zake. Ushauri wa adabu ya ugenini tumeugeuza kuwa sheria ya wenyeji, na hapo ndipo tulipopotea. Tena methali hii ina sura mbili. Wapo wanaosema fumba lako jicho, na wapo wanaosema vunja. Hizi si namna mbili za kusema jambo moja. Jicho lililofumbwa hufumbuliwa mgeni akishapanda basi la kurudi kwao. Lililovunjwa halirudi. Mtu anayeingia kazini akijiambia kwamba atafumba kwa muda, mpaka athibitishwe, mpaka apandishwe cheo, mpaka watoto wamalize shule, anadhani yuko kwenye methali ya kwanza. Kwa kawaida miaka ikipita hugundua kwamba alikuwa kwenye ya pili, na mara nyingi hagundui, kwa kuwa chombo cha kugundulia ndicho alichokivunja.

Hoja yangu ni hii. Kosa la wengine halipunguzi uzito wa wajibu wangu. Mara nyingi linauongeza. Watu hudhani kinyume. Hudhani kwamba watu 5 wakishakosea, wa 6 anabeba sehemu ndogo tu ya lawama, kama gunia linalobebwa na wengi. Goldenberg inatuonyesha jinsi gunia lile lilivyobebwa kweli. Wizi wa namna ile haukuweza kufanywa na mtu mmoja mwenye bunduki. Ulihitaji saini, na saini zilikaa katika ofisi mbalimbali. Wa forodha aliweza kujiambia kwamba habari za madini zina idara yake. Wa madini aliweza kujiambia kwamba shehena inakaguliwa na forodha. Wa benki ya biashara aliona mihuri miwili tayari ipo, na wa Benki Kuu aliona mitatu. Wa Hazina aliona kwamba jambo limepita mikono yote hiyo, na juu yake lina idhini ya wakubwa. Kila mmoja aliazima utulivu wake kwa mwenzake, na hakuna aliyekuwa nao. "Wenzangu wameshatia saini" ndiyo yaliyokuwa mafuta ya mtambo mzima. Kadiri wengi wanavyozidi kutia saini, ndivyo kazi yote inavyobaki ikimsubiri yule ambaye bado. Huyo wa mwisho habebi sehemu ya 6 ya gunia. Yeye ndiye mlango.

Na mlango ulipofunguka, walioingiliwa hawakuwa watu wa ofisini. Malipo ya shilingi bilioni 5.8 ambayo baadaye yalifanywa kiini cha mashtaka hayakutoka hewani. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulipita asilimia 40. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: uchaguzi wa mwaka 1992 ulimwaga fedha nyingi mitaani, hata noti mpya ya shilingi 500 watu wakaibandika jina la mwanasiasa wa kampeni, wakaiita Jirongo. Goldenberg ilikuwa sehemu ya mafuriko hayohayo. Mama aliyekwenda dukani na pesa ya pakiti 2 za unga akarudi na moja hakuwahi kuiona fomu ya CD3. Ndiye aliyeilipia.

Wapo watakaoniuliza, na ni swali la haki: je, kiapo? Munyakei alikuwa mtumishi aliyefungwa na siri za kazi. Kutunza siri ni uadilifu pia. Ofisi ambayo kila karani anatoa nyaraka kwa utashi wake haiwezi kufanya kazi, na leo atakayetoa kwa nia njema kesho atafuatwa na anayetoa kwa fedha au kwa kisasi. Sipuuzi hoja hii, na sitaki tuimalize kwa kusema tu kwamba ukweli unashinda. Jibu limo ndani ya neno letu wenyewe la amana. Anayewekewa amana hunyamaza kwa ajili ya mwenye mali. Ukiwekewa vito vya jirani, huwaambii wapita njia viko wapi. Lakini mwanao akianza kuviuza usiku, je, utamficha jirani kwa kisingizio kwamba uliapa kunyamaza? Siri iliwekwa ili mali ya mwenyewe isalimike. Ikigeuzwa pazia la kumwibia mwenye mali, anayeishika bado amevunja amana, hata kama hajavunja kiapo. Mwenye mali ya Benki Kuu ni wananchi, na njia ya kuwafikia kikatiba ni Bunge. Ni kwa wabunge hasa karatasi zile zilikokwenda. Hazikuuzwa kwa mshindani wa biashara.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, maana halisemwi vitabuni, husemwa jikoni: una watoto. Anayekataa kosa la wakubwa hajitoi sadaka peke yake, anawatoa na wengine ambao hawakuulizwa. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwenye kulipuuza hili hajawahi kuhesabu karo. Lakini tuangalie kile hasa kinachodaiwa. Kuna kutotenda kosa, na kuna kulifichua. Haya ni mambo mawili, nasi tunayachanganya ili tuyakwepe yote mawili kwa pamoja. Kufichua kunategemea mahali mtu alipo, anachokijua kwa hakika, anayeweza kumfikia, na wanaomtegemea. Sithubutu kusema kila karani alipaswa kuwa Munyakei. Kutotia muhuri kwenye uongo ni deni dogo zaidi, na hilo linamhusu kila mtu. Linaweza kulipwa kwa kuuliza swali kwa maandishi, kwa kuomba uthibitisho wa idara nyingine, kwa kuomba uhamisho, kwa kurudisha faili likiwa na kijikaratasi kinachosema "haijakamilika". Nani asiyejua kwamba faili la mnyonge hurudishwa mara 3 kwa kukosa nakala ya kitambulisho? Ukali huo tunao. Tunauweka kabatini faili la mkubwa linapoingia.

Tena kuna wanaozungumza kwa niaba ya mashindano. Mkandarasi anasema akikataa kutoa kitu kidogo, zabuni itakwenda kwa anayetoa, na barabara itajengwa vibaya zaidi. Mwanariadha anasema wenzake wanadunga dawa, kwa hiyo naye akidunga anasawazisha tu uwanja. Mwezi Aprili mwaka 2014, katika mbio za marathoni za Boston, Rita Jeptoo wa Kenya alikata utepe wa kwanza, na Buzunesh Deba wa Ethiopia akaingia wa pili kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Miaka 2 baadaye matokeo ya Jeptoo yalifutwa kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku, na Deba akatangazwa mshindi. Siwaletei mfano huu kama faraja. Utepe ulikatwa na mtu mwingine, picha zilipigwa za mtu mwingine, na asubuhi ile ya Boston haiwezi kurudishwa na barua. Anayeshikilia uadilifu katika mashindano anaweza kupoteza kweli, na kumwahidi kwamba atalipwa ni kumdanganya. Ninachokataa ni neno "kusawazisha". Asiyetumia dawa alikuwa mmoja kati ya waliodhulumiwa. Akitumia, anawaacha waliobaki wakiwa wachache zaidi, na zamu hii wanadhulumiwa naye. Anayesawazisha na wakosaji anainamisha uwanja kwa wasiokosa.

Lipo jingine ambalo ninalichukulia kwa uzito zaidi kuliko wahubiri wengi wanavyolichukulia, nalo ni hatari ya kujiona. Mtu anayejihesabu safi katikati ya wachafu anaweza kukosea mambo, na anaweza kuyafurahia makosa ya wenzake kwa sababu yanamng'arisha. Sote tumewasikia watu ambao maadili yao ni fimbo ya kuwapigia wengine. Katika hili kisa cha karani kina funzo ambalo ni rahisi kulipita. Kilichotoka mezani kwake kilikuwa karatasi. Karatasi inaweza kukaguliwa, kulinganishwa, hata kukanushwa kama ni ya uongo. Mwenye majivuno hutoa neno lake na kutaka liaminiwe. Mwenye hofu ya kukosea hutoa ushahidi na kumwachia mwingine apime. Kushikilia msimamo wenzako wanapokosea kunakudai kwanza uhakikishe kwamba wanakosea kweli, kwamba si desturi usiyoielewa, wala si ruhusa iliyotolewa kihalali mahali usipokuwepo. Hapa ndipo adabu ya mgeni bado inatufaa hata sisi wenyeji. Fumba jicho kwa muda wa kupima. Usilivunje.

Linabaki swali linaloulizwa mwisho, kwa sauti ya uchovu: alibadilisha nini? Tulizoea hadithi zinazolipa. Katika Kusadikika, kitabu ambacho Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Karama anasimama mahakamani siku baada ya siku akiwasimulia wakubwa habari za wajumbe 6 waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi, wakatiwa kifungoni. Mwishowe mfalme anasikia, na wafungwa wanafunguliwa. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimesoma mwisho huo na kuutarajia duniani. Goldenberg haikumalizika hivyo. Tume ya Bosire iliundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2006, majina yakatajwa, na kesi zilizofuata zikakwama na kuvunjika mahakamani mwaka baada ya mwaka. Kama thamani ya tendo ni matokeo yake peke yake, tufunge daftari. Lakini anayeuliza alibadilisha nini amesahau kuuliza kinyume chake: bila zile nakala, tungejua nini? Tume ingeketi juu ya nini? Nchi inayojua imeibiwa haijapona, ila haimo katika hali moja na nchi inayodhani ilipata mapato ya almasi. Na kabla ya matokeo yote, kuna jambo ambalo halisubiri mahakama yoyote: kuanzia siku ile, haikuwezekana tena kusema kwamba kila mtu alikubali. Neno "kila mtu" ndilo wanaloliegemea wote wanaofumba. Mtu mmoja anatosha kuliondoa.

Nimejitahidi kuonyesha kwamba wajibu wa mtu hauondolewi na ubaya wa wenzake. Upande wa pili wa maneno hayo unatuhusu sisi tuliokaa kwenye viti hivi, nami siwezi kushuka jukwaani bila kuusema, kwa sababu ni rahisi sana kumsifu mtu jasiri huku tukimwacha afe njaa. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda wanaofichua maovu mwaka 2010. Tanzania ilipitisha ya kwake, inayowalinda watoa taarifa na mashahidi, mwaka 2015. Ni hatua za kweli, na anayezidharau hajui gharama ya kukosa hata hizo. Ila sheria huanza kufanya kazi baada ya mtu kufukuzwa. Haimzuii bosi kumhamishia stoo, wala haiwazuii wenzake kuacha kula naye chakula cha mchana. Adhabu ya kwanza ya mwadilifu hutolewa na watu wa meza za jirani, watu wasioiba chochote, wanaoogopa tu kuonekana wamekaa naye. Tukisema uadilifu hauwezekani kwetu, mara nyingi tunaizungumzia adhabu hiyo, na adhabu hiyo tunaitoa sisi.

Mwaka 2004 Transparency International ilimtunuku Munyakei tuzo ya uadilifu. Alipigiwa makofi, na makofi hayo alistahili. Lakini kitu alichokiomba miaka ile yote, kabla ya tuzo na baada yake, kilikuwa kidogo na cha kawaida kuliko kombe lolote: kurudishwa kazini, kwenye meza na karatasi. Aliomba, akangoja, na mwaka 2006 akafa akiwa na umri wa miaka 38, bila kurudishwa.